Mashariki ipi utundike ukutani? Delacroix, Gérôme na Osman Hamdi Bey wakitazamwa sambamba

Nakala ya mchoro wa karne ya 19 haina gharama siku hizi zaidi ya karatasi, wino na fremu. Wachoraji wenyewe wamekufa zamani, hakimiliki zimekwisha, na makumbusho kadhaa makubwa yanamruhusu mtu apakue picha bure kwa ukubwa unaotosha kuchapa. Kazi inayobaki ni kuchagua. Mwenye nyumba ya wageni anataka kitu chenye sura ya Kiarabu kwa ajili ya ukuta wa baraza. Mwalimu wa historia anatafuta picha ya kufundishia habari za ukoloni. Mwingine yuko safarini Paris, ana saa mbili tu ndani ya makumbusho ya Louvre. Wote watatu wakitafuta mtandaoni wataletewa rundo lilelile: vilemba, buruma (viko vya maji), vigae vya buluu, wanawake waliojilaza. Na wengi huchukua ile inayong'aa zaidi, ambayo aghalabu ni ya Jean-Léon Gérôme.

Mimi nazilinganisha picha tatu hasa: "Wanawake wa Algiers" ya Mfaransa Eugène Delacroix, "Mchezesha Nyoka" ya Gérôme, Mfaransa mwenzake, na "Mfunza Kobe" ya Osman Hamdi Bey wa Istanbul. Nyingine nitazigusa zinapohitajika.

Kipimo wanachokimbilia watu kwanza ni kama mchoraji alifika huko au alijikalia kwao akabuni. Kina maana yake, lakini kinamkamata mtu mmoja tu, naye ni Ingres, mchoraji mwingine wa Kifaransa. Huyu hakukanyaga nchi ya Waislamu hata siku moja. "Hamamu ya Kituruki" ameitia mwaka 1862, na umri wake wa miaka 82 akauandika humohumo kwenye mchoro: wanawake uchi wamesongamana ndani ya duara, na sehemu ya alichojua alikitoa katika barua za Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza aliyeingia hamamu huko Sofia mwaka 1717. Mnunuzi wa kwanza, Prince Napoléon, aliirudisha. Inasemekana mkewe hakuitaka ndani ya nyumba. Baadaye ikaangukia mikononi mwa Khalil Bey, mwanadiplomasia wa dola ya Uthmania aliyekuwa akila maisha Paris. Yaani ndoto ya Mfaransa kuhusu wanawake wa Kituruki ilipata mteja kutoka hukohuko inakodaiwa kutoka. Kwa ukuta wa sebuleni sidhani kama nahitaji kueleza kwa nini siipendekezi.

Waliobaki wote walifika. Delacroix alifika, Gérôme alikwenda Misri mwaka 1856 na akarudi tena na tena, Mwingereza John Frederick Lewis aliishi Kairo karibu miaka kumi, na Étienne Dinet alihamia Bou Saâda huko Algeria, akasilimu mwaka 1913, akaitwa Nasreddine, akahiji mwaka 1929 na akazikwa Bou Saâda. Kama kufika kungetosha, picha zao zingefanana kwa ukweli. Hazifanani hata kidogo.

Delacroix: chumba ambacho hakitokei kitu

Delacroix aliondoka Toulon Januari 1832 akiwa kwenye msafara wa Count de Mornay, mjumbe wa mfalme wa Ufaransa kwa Sultani wa Moroko. (Moroko, kwa anayejali ramani, iko magharibi ya Paris. Mashariki ya wachoraji hawa haikuwa na habari na dira.) Safari yenyewe ilikuwa ya siasa tupu: Ufaransa ilikwisha kuiteka Algiers mwaka 1830, na sasa ilitaka jirani asijiingize. Wakati wa kurudi walipitia Algiers kwa siku chache, na huko, kwa masimulizi yaliyozoeleka, mchoraji akapata kuingizwa ndani kwa wanawake wa nyumba moja. Alichora harakaharaka kwenye karatasi na kuandika majina pembeni. Mmoja anaitwa Mounay ben Sultan. Mwaka 1834 mchoro mkubwa ukaonyeshwa Paris, mfalme Louis-Philippe akaununua. Kwenye mchoro huo hakuna tena Mounay. Wamekuwa "wanawake wa Algiers", basi.

Ni turubai ya sentimita 180 kwa 229, nayo iko Louvre. Wanawake watatu wameketi juu ya mazulia. Wa kushoto ameegemea mito na anatukazia macho, wawili wako karibu na buruma. Upande wa kulia mtumishi mweusi anaondoka, kichwa amekigeuza nyuma kama aliyeitwa. Kabati la ukutani halijafungwa vizuri. Makubazi yamevuliwa na kuachwa sakafuni. Nuru inaingia kutoka juu kushoto na kumwagika kwenye hariri na mikono, na pembe nyingine za chumba zimeachiwa giza.

Ili uone safari ilimfanya nini, itazame pamoja na "Kifo cha Sardanapalus" ya mwaka 1827, iliyomo Louvre vilevile. Hiyo aliichora kabla hajaenda popote: mfalme amejilaza kitandani, masuria na farasi wanachinjwa mbele yake, kila kitu kinateleza kuelekea kwa mtazamaji. Miaka saba baadaye mtu huyohuyo anachora watu waliokaa, wamevaa, hawafanywi lolote. Mwenye saa mbili Louvre azitumie hapa, baina ya hizi mbili, aanze na ile ya kelele.

Hata hivyo chumba hiki cha Algiers kina upungufu, na msomaji wa pwani yetu atauona upesi kuliko Mfaransa. Hamna mtoto. Hamna sindano, ungo, sinia, wala mtu anayegombana na mwenziwe. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyekulia Mtoni, Unguja, kisha akahamia Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na nyumba ya wanawake anayoieleza imejaa watoto, masomo ya Qur'ani, kupanda farasi, fitina na siasa za nani atarithi kiti. Ukishamsoma yeye, wanawake wa Delacroix wanaonekana kama waliokatazwa kusogea mpaka mgeni amalize kuchora. Na huenda ndivyo ilivyokuwa.

Kwa kuchapa, jihadhari: vivuli vyake vya kahawia huwa tope kwenye mashine duni. Omba kipande cha majaribio kwanza. Ipo pia nakala ya pili aliyoichora mwenyewe, ya mwaka 1849, iko Montpellier, ndogo na yenye giza zaidi. Hiyo usijaribu kuichapa kabisa. Na ukitaka kujua picha hii imewafikisha wapi wengine, Picasso aliichora upya mara 15 mwaka 1954 na 1955, na moja kati ya hizo iliuzwa New York mwaka 2015 kwa dola milioni 179.

Lewis kwa ufupi

Lewis ndiye ninayempendekeza kwa nyumba ya wageni. Alikaa Kairo tangu mwaka 1841 hivi hadi 1851, katika nyumba ya kienyeji, akivaa mavazi ya wenyeji, na michoro aliyorudi nayo ikamlisha Uingereza kwa maisha yake yote yaliyobaki. "Mapokezi" ya mwaka 1873, iliyoko chuo kikuu cha Yale, ina nuru ya mchana inayopenya kwenye mashrabiya, yaani madirisha ya kimia cha mbao, na kudondoka sakafuni vipande vipande. Tundu moja moja la mbao unaweza kulihesabu. Ina kosa moja kubwa. Bibi mwenye nyumba anawapokea wageni wa kike ndani ya mandara, ambayo ni ukumbi wa wageni wa kiume. Ni sawa na mchoraji awapange wanawake wote wa nyumba barazani, mlango wa mbele wazi, kwa sababu tu baraza lina nuru nzuri. Jumba ni la kweli, wakazi wamepangwa. Lakini hakuna aliyedhalilishwa, na inachapika vizuri hata ikiwa ndogo.

Mafilimbi mawili

Sasa tufike penye uzito. Chukua "Mchezesha Nyoka" ya Gérôme, ya mwaka 1879 hivi, na "Mfunza Kobe" ya Osman Hamdi Bey, ya mwaka 1906, uziweke pamoja kwenye kioo kimoja. Zinafanana kwa namna inayoshtua. Zote zina ukuta wa vigae vya buluu. Zote zina maandishi ya Kiarabu juu ya vichwa vya watu. Zote zina mtu mwenye filimbi na mnyama mwenye magamba. Kuna hata vigae vilivyobanduka katika zote mbili.

Kwa Gérôme, mvulana amesimama uchi juu ya zulia dogo, mgongo kwetu, chatu amemzunguka mwilini. Pembeni mzee anapiga filimbi. Mbele ya mtoto, wanaume wenye silaha wameketi sakafuni wakiegemea ukuta na kumtazama. Sisi tumewekwa nyuma yake, wao mbele yake, na mchoraji anatuachia tufikirie wanachokiona. Vigae ni vya kasri la Topkapı, Istanbul, alivyovitoa kwenye picha za kamera za ndugu Abdullah, wapigapicha maarufu wa mji huo. Lakini maonyesho ya nyoka yalikuwa ya mitaa ya Misri, si ya ukumbi wa Sultani, na mavazi na silaha zimekusanywa kutoka huku na huku. Ukikichukua kitu kimoja kimoja, ni cha kweli. Ukivijumlisha, umedanganywa.

Kisha soma maandishi. Ukanda mkubwa juu ya vigae si mapambo ya kubuni. Ni aya ya 256 ya Suratul Baqara, hapana kulazimisha katika dini, kwa hati ya thuluthi inayosomeka. Gérôme aliinakili kwa uangalifu uleule alionakilia mauamaua ya vigae. Chini ya aya hiyo kasimama mtoto uchi mbele ya wanaume wazima. Sijui ni nyumba gani ya Kiislamu, Mombasa au Muscat, ingeivumilia picha hii ikishaelewa kilichoandikwa pale, na bado nakala zake zinauzwa kama pambo.

Mwaka 1978 picha hii iliwekwa kwenye jalada la kitabu cha msomi Edward Said kuhusu jinsi Ulaya ilivyoitunga Mashariki, na mwaka 1983 mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin akaichambua kwa kuangalia visivyokuwemo. Mzungu hayumo, ingawa kila kitu kimepangwa kwa jicho lake. Mtu anayefanya kazi ya maana hayumo. Wakati haupiti. Na alama za brashi hazimo. Hili la mwisho kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Delacroix anakuonyesha rangi ikiwa rangi, unajua kuna mtu aliyesimama na kuona kwa macho yake. Gérôme anafuta nyayo zake mpaka turubai inakuwa laini kama kioo, na mtazamaji anasahau kuuliza nani kasema. Ndiyo maana nasema usahihi wake ni hatari kuliko ndoto za Ingres: Ingres hakuna anayemwamini.

Ulaini huo ulikuwa pia biashara. Mwaka 1863 Gérôme alimwoa binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara wa michoro aliyeuza nakala za kuchapwa na za kamera kila pembe ya Ulaya na Marekani. Picha za mkwe zilitoka vizuri sana kwenye nakala, na zinatoka vizuri hadi leo hata kwenye simu. Basi usishangae zinapokujia za kwanza.

Kwa Osman Hamdi, mwanamume wa makamo mwenye joho jekundu ameinama kidogo, mikono nyuma, ameshika filimbi ya nai ambayo haipigi. Ngoma ndogo imening'inia mgongoni. Miguuni pake makobe wanatafuna majani, hawana habari naye. Nuru inaingia kwa dirisha lililo chini kabisa, karibu na sakafu, hivyo makobe wanaangaziwa vizuri kuliko mwalimu wao. Chumba ni cha Msikiti wa Kijani wa Bursa. Juu ya dirisha pameandikwa kwamba poza la nyoyo ni kukutana na mpendwa. Anayetazamwa hapa havuliwi kitu. Amechoka, ana mawazo yake, na sura ni ya mchoraji mwenyewe.

Mchoraji huyo hakuwa mtazamaji wa mbali. Alizaliwa mwaka 1842, mwana wa Edhem Pasha aliyefikia uwaziri mkuu. Alipelekwa Paris mwaka 1860 kusoma sheria, akaishia kujifunza kuchora kwa Gustave Boulanger, na husemwa alipita kwa Gérôme pia. Mwaka 1881 akawa mkurugenzi wa makumbusho ya dola mjini Istanbul, akaanzisha chuo cha sanaa, akasimamia sheria ya mwaka 1884 iliyozuia vitu vya kale kusafirishwa nje, na mwaka 1887 akaongoza uchimbaji wa Sidon uliotoa jeneza la mawe linaloitwa la Alexander. Kwa hiyo rudi kwenye vile vigae vilivyobanduka. Mkononi mwa Gérôme vinasema: watu hawa hawajui kutunza chao. Mkononi mwa Hamdi ni lalamiko la mtu ambaye ofisini kwake, asubuhi hiyohiyo, huenda alikuwa anatafuta fedha za kuvitengeneza. Ufa ni uleule, mgeni anausimanga na mwenye nyumba unamuuma.

Wengi husoma makobe kama wananchi, au makarani wa serikali, wasiofundishika kwa haraka. Mapinduzi ya Waturuki Vijana, wanamageuzi waliomlazimisha Sultani kurudisha katiba, yalikuja miaka miwili tu baada ya picha. Inakubalika. Napenda zaidi kisa cha asili yake: wazo la mtu anayefundisha makobe kwa muziki lilikuwa limechapwa kwenye jarida la safari la Kifaransa mwaka 1869, katika habari za Japani. Yaani huyu tunayemshangilia kwa kuwarekebisha Wafaransa aliokota kobe wake kwenye ukurasa wa Kifaransa kuhusu Mashariki ya mbali zaidi, akawavusha hadi Bursa. Hajaibiwa sifa kwa hilo. Lakini limtoe kwenye orodha ya malaika.

Na hakuwa malaika. Watu wake wengi huvaa mavazi ya zamani ambayo yeye mwenyewe, mtu wa suti na tarbushi, hakuyavaa kwenda kazini. Mwaka 1901 alimchora mwanamke aliyekalia marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, mgongo kwa mihrabu, vitabu vimetawanyika miguuni. Wapo wanaoiona ni picha ya kishujaa. Mimi nisingeitundika penye wageni. Ukichagua kwa jina la mchoraji peke yake utapotea.

Mtu mweusi yuko wapi?

Hiki ni kipimo ambacho maelezo mengi ya Ulaya hukipita haraka, nasi hatuna sababu ya kukipita. Kwa Delacroix yeye ndiye mtumishi, ndiye pekee aliyesimama, na ndiye anayetolewa nje ya picha. Kwa Gérôme, katika picha zake za hamamu, mwanamke mweusi huwekwa ili ngozi ya mweupe ionekane nyeupe zaidi. Hana kazi nyingine. Lakini Gérôme huyohuyo mwaka 1869 hivi alichora "Bashi-Bazouk", mwanamume mweusi peke yake, ubavu, hariri ya rangi ya waridi mwilini, kilemba kilichofumwa kwa ustadi, bunduki begani. Iko makumbusho ya Metropolitan, New York, na inapakuliwa bure. Ni uongo pia: bashi-bazouk walikuwa askari wa kujitolea wasiolipwa, walioishi kwa ngawira, na huyu ni mtu aliyevishwa hariri ndani ya studio Paris. Jina lake halikuandikwa. Pamoja na hayo uso ule haukupangwa kumpendezesha mtu, na kati ya kazi zote za Gérôme ndiyo pekee ambayo ningeilipia fremu.

Uamuzi

Mwalimu achape "Mchezesha Nyoka" na "Mfunza Kobe" pamoja, ukubwa wa A3, azibandike bila maelezo, na awaachie wanafunzi waulizane nani anamtazama nani, na nani amepewa nguo. Ya Gérôme peke yake darasani haitoshi, kwa sababu uzuri wake utashinda onyo lako.

Nyumba ya wageni: Lewis. Ukitaka kitu cha ibada, "Swala Msikitini" ya Gérôme, ya mwaka 1871, iliyopo Metropolitan, inavutia kwa safu zake ndani ya msikiti wa Amr mjini Kairo, ila itazame vizuri kabla ya kulipa. Katikati ya waumini amemweka mtu aliyejifunga kitambaa kiunoni tu, na wageni wako watauliza. Dinet ana picha za ibada zenye upole zaidi, kwa kuwa alijua anachokichora, lakini alichora na wasichana uchi kando ya mito, kwa hiyo kwake pia chagua picha kwa picha.

Sebule ya nyumbani: Osman Hamdi, bila kusita. Asilia iko makumbusho ya Pera, Istanbul, iliyonunuliwa mnadani mwaka 2004 kwa takriban dola milioni 3.5. Tafuta faili yenye pikseli zisizopungua 3,500 kwa kila sentimita 60 za karatasi utakayochapa. Na kuna jambo la fundi: turubai ni ya sentimita 221.5 kwa 120, nyembamba na ndefu, wakati fremu za dukani ni fupi zaidi kwa upana huo. Fundi wengi hukata ili itoshe. Akikata juu, maandishi yameondoka. Akikata chini, makobe wameondoka, na utabaki na picha ya mzee mwenye joho jekundu anayetazama sakafu. Agiza fremu ya kupimwa.